Sala Ndefu ya Nyamweya

Nyamweya alitoka Kisii akakodisha shamba Ndhiwa, na tangu afike hajapata kunyamaza. Mwaka huu alikuwa na hubiri jipya: dawa ya wadudu. Si ile ya kubaki juu ya jani, mvua ikinyesha inaondoka nayo. Hii hunywewa na mmea wenyewe.

"Inapanda na maji toka mizizi mpaka ncha ya jani," alitangaza sokoni. "Mdudu akiuma, kwisha! Osha na chumvi, osha na sabuni, haitoki ng'o!"

Karatasi ya chupa ilisema mboga zikae wiki mbili kabla ya kuvunwa. Nyamweya alipiga dawa Jumatatu. Alhamisi akamuuzia Ruqia wa sokoni sukuma wiki tele. Nyuma ya jiko lake palikuwa na kijishamba ambacho pampu haikukigusa. "Hiyo ni ya nyumbani," alisema, akajiona mwerevu.

Sabato hiyo, baada ya chakula cha wageni, majina ya wazee wapya wa kanisa yangesomwa. Nyamweya alikuwa ameshashonesha suti. Vyakula vilipikwa Ijumaa kabla jua halijazama, na sasa Edinah, mkuu wa jikoni, akafunua sufuria.

"Baba Lynnet, furahi! Hizi sukuma ni zako, nimetoa kwa Ruqia. Na nimeziosha sawasawa!"

Nyamweya alisogeza sahani yake kando.

"Mimi leo nitachukua ugali tu."

"Unakataa jasho lako mwenyewe?"

"Tumbo, mama. Tumbo."

"Basi mzee wetu mtarajiwa atuombee chakula," akasema pasta.

Kusema ukweli ni kupoteza uzee wa kanisa. Kunyamaza ni kuwalisha watu sumu. Shujaa wetu aliona njia ya tatu: kumtwika Mungu.

"Baba, takasa chakula hiki. Takasa majani. Takasa na mishipa ya majani. Na chochote kilichopanda toka mizizini, Baba, kishuke!"

Mkewe, Mong'ina, akafumbua macho. Hubiri la sokoni alilijua kwa moyo.

"Baba Lynnet, kishuke nini?"

"Tunaomba, mama."

"Nakuuliza. Ulivuna zile za dawa?"

"Amina," akajibu Nyamweya.

Mong'ina aliinyanyua sufuria, akaenda kuimwaga kwenye choo cha shimo, kuku wasije wakaonja. Wageni walikula ugali na maziwa lala. Majina yaliposomwa, suti mpya ilibaki kwenye benchi.

Jumatatu Nyamweya alimpelekea Ruqia mzigo mwingine. Habari ilikuwa imemtangulia, na Ruqia alikuwa ameshatupa sukuma zilizosalia.

"Karibu, mzee. Chagua jani moja utafune hapa, wateja wakuone."

Nyamweya aliutazama mzigo wake.

"Nimeshiba," akasema.

"Na wateja wangu pia," akajibu Ruqia, akageukia mwenye kutaka nyanya.