Ukuta Mbichi

Haya nilisimuliwa na Mwaija, mke wa fundi Rehani, mwaka ule wa unga wa njano, tukiwa kwenye foleni ya duka la kijiji.

Rehani alikuwa anajenga banda la useremala nyumbani kwake, Mazingara. Kwa kuogopa wezi, alitanguliza benchi lake zito la mvule, akajenga kuta kulizunguka na kuacha mlango mwembamba. Siku hiyo, mwisho wa kiangazi, Mwaija alichota maji, akakanyaga udongo, wakakandika ukuta wa mwisho.

Alasiri akaja balozi wa nyumba kumi.

“Shikamoo, mzee. Lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa ni kesho.”

“Marahaba. Na benchi langu?”

“Vunja ukuta, mzee. Ila sijui kama watalipakia.”

Mwaija akajaribu kumtania mumewe. “Afadhali ungali mbichi, Baba Zamda. Hautakusumbua.”

Rehani hakucheka. Alichukua jembe akaubomoa, kisha yeye na balozi wakalikokota benchi mpaka barabarani. Akajilaza juu yake, akakataa kurudi ndani. Mwaija alikaa naye mpaka akakoroma, ndipo naye akatandika khanga chini akalala.