Nundu za Milo Kucera

Milo Kucera alijaliwa akili, na balaa lake ni kwamba alizitumia. Majira yote ya baridi, watu wengine wa Nebraska wakijikunyata mbele ya televisheni, yeye alijifungia kwenye banda la kuegeshea ndege, katika uwanja mdogo wa hapo, akisoma habari za nyangumi. Kutoka pale hadi baharini ni safari ya siku kadhaa, lakini hilo halikumsumbua. Alisoma kwamba yuko nyangumi mwenye nundunundu ukingo wa mbele wa mapezi, na nundu hizo humsaidia kukata kona kali bila maji kubanduka kwenye pezi. Basi! Kufika katikati ya majira ya joto, kindege chake cha watu wawili, alichokiunda kwa mikono yake, kilikuwa na nundu za faibaglasi mbele ya mabawa yote mawili, utadhani kimeumwa na nyuki.

"Sasa hii haianguki ng'o," alimtangazia mama yake. "Jumapili tukitoka misani nakurusha, Mama."

Mama huyo, Bibi Emilie, aliyekuwa na miaka themanini na ushei, akaanza papo hapo kuchagua kitambaa cha kichwa. Darlene, dadake Milo, mwalimu wa urubani katika uwanja uleule, ndiye aliyeharibu sherehe.

"Mama hapandi mpaka nipande mimi kwanza."

"Ina maana huniamini, dada?"

"Wewe nakuamini sana. Ni hizo nundu zako ndizo sijafahamiana nazo."

Jumamosi wakaruka. Juu ya mabawa Milo alikuwa amebandika vipande vya uzi wa sufu, safu kwa safu, ili hewa ionekane. Uzi ukilala kuelekea nyuma, hewa imeshika bawa. Uzi ukifurukuta na kugeukia mbele, hewa imebanduka, na bawa lisiloshikwa na hewa ni ubao tu, kalalie.

Walipokuwa juu ya mashamba ya mahindi, Milo akapunguza moto wa injini, akavuta usukani. Pua ikapanda, ikazidi kupanda. Ndege ya kawaida hapo ingekutikisa mabega, kisha ikaangusha pua. Haina adabu, lakini walau inakwambia. Hii ilinyamaza kimya.

"Unaona? Unaona?" Milo alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Iko wapi ile mitikisiko unayowatishia wanafunzi wako? Hebu tazama nyuzi!"

Darlene akatazama. Nyuma ya kila nundu nyuzi zimelala kwa heshima zake. Nyuma ya kila bonde kati ya nundu na nundu, zilikuwa zinacheza ngoma, zimegeukia mbele.

"Na hizo nyingine?"

"Zipi?"

"Hizo zinazokatika viuno, Milo!"

"Aa, hizo ni chache."

Huyo ndiye Milo. Mkewe Judith alipokuwa akihamisha nguo kidogo kidogo, yeye alisifu jinsi kabati lilivyopata nafasi.

Darlene akaitupia jicho saa ya kimo, ile inayoonyesha ndege iko juu kiasi gani. Mshale ulikuwa unarudi nyuma mbio. Pua imeelekea mbinguni, ndege yenyewe inateremka kama lifti. Nundu zilikuwa zimefanya kazi yao: bawa halikukata tamaa lote kwa mpigo, lilikata tamaa nusu, kistaarabu, bila kumwambia mtu.

"Shusha pua."

"Ya nini? Si tunaelea!"

"Tunaanguka, Milo. Tazama saa ya kimo!"

"Achana nayo, ni ya mtumba."

"Na mahindi ni ya mtumba?"

Milo akachungulia. Mahindi yalishaanza kuonekana jani moja moja. Akafanya ambacho karibu kila mtu hufanya ardhi inapomjia: akavuta usukani kwa nguvu zaidi.

"Achia! Naishika mimi!" Darlene akampiga kofi mkononi, akausukuma usukani wa upande wake mbele, pua ikaelekea mahindini, na moto wa injini akautia wote.

"Unatuua!" Milo alipiga yowe.

Nyuzi zote zikalala. Bawa likashika. Kindege kikapita juu ya shamba kikilaza mashada ya mahindi, kisha kikapanda. Darlene akakigeuza, akatua nacho uwanjani.

Leonard, mzee wa kantini, akawajia na sahani ya kolache, vimkate vitamu vilivyojazwa plamu. "Vipi, Milo, nundu zimefanya kazi?"

Milo akachukua kolache, akaijaza nzima kinywani.

"Zimefanya," Darlene akajibu kwa niaba yake, naye Leonard akaenda zake ameridhika.

Milo akaketi chini ya bawa.

"Darlene. Tulianza kuanguka lini?"

"Ulipoanza kunicheka."

"Na angekuwa Mama kwenye kiti chako?"

"Angekuwa anakupigia makofi mpaka mahindini."