Mbao Zilizosikia Mvua

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kuvumilia ukingo ulioachwa wazi. Mkewe, seremala, alipotandika sakafu ya mbao ngumu katika chumba cha mama mkwe, aliacha upenyo wa kidole kandokando ya kuta zote.

"Mbao hunenepa zikipata unyevu, mume wangu. Ziachie pa kwenda."

"Sawa, sawa," akaitikia, sawa ya mdomoni. Mke alipotoka tu, bwana akaujaza ule upenyo saruji, akapigilia ubao wa ukingo juu yake. Sikio la kufa halisikii dawa!

Mama yake akahamia humo baada ya kumzika mumewe. Alilala akitazama ukuta. Uji uliletwa, ukapoa, ukaondolewa.

"Mimi nimekwisha, mwanangu. Nangoja siku yangu tu."

Mwana alirudi kwenye cherehani yake, akashona huku analia. Kuzika wazazi wawili kwa mkupuo, nani anaweza?

Mvua zikaanza, zikanyesha bila kukata. Asubuhi moja chumba kikatoa mlio mkubwa, na mlango ukagoma kufunguka. Fundi akachungulia dirishani. Lahaula! Sakafu ilikuwa imevimba katikati, kabati limeinama, mguu mmoja wa kitanda uko hewani, na mama ameketi juu yake macho yamemtoka pima.

"Uliziba?" mke akauliza.

Mume akakimbilia vifaa. Wakapitia dirishani na patasi na nyundo, wakang'oa ubao wa ukingo, wakaibomoa saruji ukuta hadi ukuta. Kipande cha mwisho kilipotoka, mbao zikalia kwa nguvu, zikasogea zenyewe kuelekea ukutani, na kile kilima kikashuka taratibu, kitanda kikatua. Wote watatu walibaki vinywa wazi.

"Suruali ya mtoto unaiachia pindo," mke akasema, "sakafu yangu unainyima!"

Mama alishuka, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Mti huu ulikatwa lini?"

"Zamani, mama. Kabla sijaolewa."

"Ukapasuliwa, ukapigwa randa, ukapakwa vanishi, na bado unasikia mvua?"

"Bado, mama. Hauachi."

Mwana alikuwa amepiga magoti, anaomba radhi, wala hakuna aliyemsikiliza. Mama aliipapasa sakafu kwa muda mrefu, machozi yanamtiririka.

"Nitolee kiti barazani," akasema. "Na mimi nikaisikie."