Upendo Unapakwa Saa Ngapi

Muuza mapazia alijua kusema. Mteja akija kutafuta pazia la dirisha moja, aliondoka na la mlango na la bafuni, na bado akashukuru. Kwa hiyo alipoingia Jukwaa la Walezi, kule kwenye simu ambako watu wanaouguza ndugu zao majumbani hukutana kuulizana mambo, hakukawia kuwa ndiye anayesikilizwa.

Hapo mwanzo jukwaa lile lilikuwa soko la matusi. Mtu anauliza godoro lipi linamfaa aliyepooza, na kabla jua halijatua watu wameshatukaniana mama zao, nao mama wenyewe ndio hao waliolala hoi. Mwenye jukwaa, bwana mmoja mpole waliyemwita Mlinzi, akachoka. Akaleta maua na miiba. Ukisema neno jema, wenzako wanakupa ua. Ukisema ovyo, mwiba. Hesabu yako inakaa kando ya jina lako, kila mwenye macho anaiona. Miiba ikizidi, maneno yako yanakunjwa; hayafutwi, ila yanafichwa mpaka mtu ajisumbue kuyabonyeza. Na mgeni haingii bila mdhamini. Mgeni akichomwa mwiba, mdhamini naye anachomwa. Basi matusi yakaisha kabisa. Watu wakawa wapole mpaka ukiwasoma meno yanakuuma kwa utamu.

Muuza mapazia alijiita Faraja. Maua yake yalikuwa shamba zima.

Mgonjwa wa Faraja alikuwa mama yake mzazi, aliyepooza upande mmoja. Hapo sasa ndipo penye mfupa, maana mama hakuwa kwake. Mama alikuwa mtaa wa pili, chumbani kwa mdogo wake Faraja, dobi, kitanda kimesukumwa ukutani ili meza ya kupigia pasi ipate pa kukaa. Dobi ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akamgeuza, huku mashati ya watu yakimngoja kapuni. Dada mtu alikuja Jumapili na mche wa sabuni. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama, akaupiga picha, akaaga. Picha ikipanda jukwaani, chini yake ameandika: "Usiku mwingine mrefu, lakini upendo hauchoki." Maua yanamiminika. Mama alikuwa akimwita mtoto wangu wa Jumapili, na wala hakuwa akimtania.

Kilichobaki kwa Faraja kilikuwa kuitwa Nguzo. Kule hicho ndicho cheo. Jina lako linakaa juu ya majina yote kwa rangi ya dhahabu, na wanachama walio karibu wanakuja kwako kukupongeza na kumwona mgonjwa wako. Katika ziara hiyo Nguzo huwaonyesha jinsi anavyomgeuza mgonjwa kitandani, wapate kujifunza. Ndiyo desturi yao. Faraja alikitaka cheo kile kama mjamzito anavyotaka udongo. Kwamba mama yuko mtaa wa pili, alisema hilo halimshindi. Alipungukiwa na jambo moja tu, mgeni mmoja zaidi wa kumdhamini. Akaona cha mbali cha nini, akamwingiza mdogo wake. Akamwonya aandike kwa adabu.

Dobi hakuwa na muda wa adabu. Pasi mkono mmoja, simu mkono mwingine, akaandika: "Mama ana kidonda chini ya kiuno. Kinanuka, na katikati kimekuwa cheusi. Nimesoma mambo yenu yote, mnasema nimpe upendo. Huo upendo unapakwa saa ngapi?"

Miiba ikanyesha. Wakasema mgeni huyu ana moyo mgumu, na mwenye moyo mgumu hawezi kuuguza. Mmoja akasema kidonda cha mgonjwa ni kioo cha anayemuuguza. Na kila mwiba uliomchoma dobi ukamchoma na mdhamini wake. Faraja alikuwa dukani, amepanda kiti akitundika fimbo ya pazia, akaona maua yake yakipukutika mbele ya macho yake. Mteja aliyekuwa akishikilia kiti akadhani mwenye duka amefiwa.

Hakumpigia mdogo wake. Hakuuliza hicho kidonda kina ukubwa gani. Alikaa juu ya marobota ya vitambaa, akafikiri kama afikiriavyo anapokata kitambaa cha bei kali, kisha akaandika palepale mbele ya wote: "Pole, mpenzi. Maneno makali huzaa vidonda vikali. Tibu ulimi kwanza, mwili utafuata."

Ah, maua aliyoyapata kwa hayo! Lakini miiba ya dobi ilikuwa bado inamchoma. Kulikuwa na njia moja tu ya kuizuia. Mdhamini anaweza kumkana mgeni wake, ila lazima aseme sababu, nayo sababu inasomwa na kila mtu. Faraja akamkana mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Sababu akaiandika hivi: "Ninamfahamu kwa karibu. Mgonjwa wake hatendewi vizuri." Dobi akapata tu kuisoma, akatolewa jukwaani papo hapo.

Ndipo Faraja akaona kuwa chini ya swali la mdogo wake kuna jibu limekunjwa. Akalibonyeza. Lilikuwa la mwuguzi mmoja wa hospitali, mtu mkavu, asiyejua mpenzi wala kipenzi, ambaye miiba yake ilikuwa mingi kuliko nywele zake. Alikuwa ameandika: "Nyeusi ni nyama iliyokufa. Apelekwe hospitali leo. Si kesho. Na nyie wa maua mnyamaze."

Akalisoma mara mbili. Akajiambia kuwa atamwambia dobi Jumapili. Lakini ukimwambia mtu jibu, umekubali kuwa swali lake lilikuwa la haki, na yeye alikuwa ametoka kumkana kwa swali hilo hilo. Jumapili ile hakwenda. Badala yake, Faraja akampa yule mwuguzi mwiba.

Katika wiki zilizofuata watu walimsifu Faraja kwa ushujaa, kwamba amemkana hata mtu wa karibu kwa ajili ya adabu. Binti mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe akaomba adhaminiwe naye, na hesabu ikatimia. Jina likageuka dhahabu. Mlinzi akatangaza kuwa wageni watafika Jumamosi.

Hapo sasa ikambidi aende mtaa wa pili. Alimkuta dobi akipiga pasi, dirisha wazi kwa sababu ya harufu. Akazungumza mara kwa asali, mara kwa ukubwa wake wa kuzaliwa, akasema ni siku moja tu, mama naye abadilishe hewa, amsaidie kumleta.

"Mama si sufuria, dada," dobi akasema, "kwamba leo unaazima, kesho unarudisha na masizi yake."

"Basi, mdogo wangu. Yaliyopita si ndwele."

Dobi akakunja shati, akalainisha kola kwa kidole. Akasema sawa, atamleta. Muuza mapazia akashuka ngazi amefurahi, na furaha ni kipofu. Hakujiuliza mbona amekubaliwa upesi hivyo.

Jumamosi dobi alimleta mama kwa teksi, amemwosha, amemsuka, amemvika gauni lililopigwa pasi mpaka mikono. Alimlaza sebuleni, kwenye kitanda kipya nyuma ya pazia jipya. Akaweka mfuko wa nguo chini. Akambusu mama kwenye paji la uso, kwa muda mrefu kidogo, akaondoka bila kunywa maji.

Wageni wakaja watano, pamoja na Mlinzi mwenyewe, wananukia vizuri. Mama akawakaribisha kwa ulimi wake mzito, akawauliza kama wamekuja kununua mapazia. Wakacheka kwa upole. Kisha ile harufu ikawafikia, mmoja mmoja, na upole ukabaki midomoni tu. Mlinzi akakohoa, akaomba basi Nguzo awaonyeshe.

Faraja akamshika mama mkono wa upande uliopooza, akamvuta, kama mtu anavyovuta robota la kitambaa kutoka rafuni. Bega likaja, kiuno kikabaki.

"Polepole," mama akasema. "Hujawahi kunigeuza."

Gauni likapanda. Kilichokuwa kiunoni kila mtu akakiona, upana wa kisahani cha chai, na ndani yake weupe wa mfupa.

Hakuna aliyesema neno baya. Hilo ndilo jukwaa lilikuwa limewafundisha. Mmoja akasema, pole, kipenzi. Mwingine akasema, Mungu akupe moyo. Wakainuka wote kwa pamoja, viatu vikagongana mlangoni, chai ikabaki mezani.

Muuza mapazia akampigia mdogo wake. Simu haikupokelewa. Akakimbia mtaa wa pili, akakuta chumba kina kufuli na meza ya pasi imeegeshwa nje, miguu juu. Jirani akasema dobi amepata kazi ya kufua kwenye hoteli, mji mwingine, ameondoka na basi la mchana. Alipokuwa akirudi, ujumbe ukaingia: "Kidonda kioshwe asubuhi na jioni. Uji asipewe moto. Usinitafute, mtu wa karibu. Nimekukana."

Jioni, mama akiwa anaguna nyuma ya pazia, Faraja alifungua jukwaa. Jina lake lilikuwa bado la dhahabu. Akaandika yale ambayo hakuwa ameandika tangu aingie, yaani kweli. "Mama yangu anaoza. Sijui hata kumgeuza. Maneno matamu siyataki, niambieni nishike wapi!"

Wakamsoma. Mwiba wa kwanza ukaja, kisha wa pili, kisha akashindwa kuhesabu. Wakamnukulia maneno yake mwenyewe: "Pole, mpenzi. Maneno makali huzaa vidonda vikali. Tibu ulimi kwanza, mwili utafuata." Aliyeyaweka alipata maua mengi. Yule binti anayemuuguza mumewe akaomba mdhamini mwingine. Dhahabu ikazimika, na swali lake likakunjwa.

Akarudi nyuma kulitafuta jibu la mwuguzi. Lilikuwa palepale, na ule mwiba aliompa ukiwa juu yake. Apelekwe leo. Leo ile ilikuwa imepita zamani. Akafikiria hospitali, akafikiria wakimuuliza ni nani aliyekuwa akimuuguza, akasema kesho asubuhi.

"Unaandika nini huko?" mama akauliza.

"Naomba msaada, mama."

"Mdogo wako alikuwa ananigeuza kwa mikono," mama akasema. "Njoo. Shika bega na nyonga, vyote pamoja. Usiachie katikati, hapo ndipo panapouma."

Akaja. Akashika bega, akashika nyonga, akainua. Mama akauma shuka. Walikuwa wamefika katikati, mwili mzima umelalia viganja vyake viwili, pale simu ilipolia mezani na kioo chake kikawaka.

Akatazama. Kutoka pale hakuweza kuona kama ni ua au mwiba.

Akaachia bega.