Masizi Yanayokunywa Gesi

Mshale wa geji ulipoanza kushuka, nilipiga vigelegele peke yangu maabarani.

Kazi yangu ni kutafuta namna ya kuhifadhi hidrojeni, gesi inayoweza kuendesha gari au kuwasha jiko, ndani ya unga wa kaboni wenye vijitundu visivyoonekana kwa macho. Unga wenyewe mweusi kama masizi. Unaufungia kwenye chombo cha chuma, unaingiza gesi, unatazama geji. Presha ikishuka, unga unakunywa. Siku hiyo ilishuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani.

Mwenye akili zake angerudia kipimo. Mimi nilimpigia mama.

Mama na siri ni maji na mafuta. Sijavua hata koti, shangazi keshapiga: "Mwanangu, nasikia umeyanywesha masizi gesi! Dunia nzima itakujua!"

"Tumshukuru Mungu, shangazi," nikajibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoshwa na sifa.

Asubuhi nikamwonyesha mkuu wa maabara matokeo yangu. Aliyatazama, akajikuna kidevu.

"Umejaribu chombo kikiwa kitupu?"

"Kitupu cha nini tena, mkuu?"

Tukajaribu. Mshale ukashuka vilevile, tena kwa mbio zaidi. Mkuu akapaka maji ya sabuni kwenye kiungo cha bomba, na mapovu yakafura mbele ya macho yangu. Kumbe gesi ilikuwa inavuja! Feni ya kufyonza hewa ilikuwa ikiitoa nje, nami nimesimama pale naishangilia. Bila feni hiyo, cheche moja ingetulipua, na hadithi hii ningewasimulia malaika.

Nilimpigia mama, nikamweleza bila kuficha.

"Kwa hiyo masizi yamegoma?"

"Hayajagoma, mama. Hata hatujayajaribu vizuri."

"Haya. Shangazi yako utamwambia mwenyewe. Mimi simo."

Nikabadilisha kiungo, nikapoza chombo kwa naitrojeni ya kimiminika, maana unga huu hunywa vizuri kwenye baridi kali, nikapima upya, kitupu kwanza, kisha chenye unga. Tofauti ilikuwa ndogo, upana wa unywele tu.

"Hicho kidogo ni cha kweli," mkuu akasema.

Nikarudia. Nikarudia tena. Kilikuwepo kila mara, kidogo changu, mpaka mkuu akanifukuza niende nikale.