Kengele Isiyo na Shaba

Mke wangu Setsuko alifariki mwezi wa pili, na wiki iliyofuata nilikuwa kazini natafuta sauti ya tarumbeta. Wenzangu walinitazama kama mtu aliyekuja ofisini bila suruali. Mkuu wetu, bwana Makabe, aliniita pembeni akaniambia nipumzike, nami nikamjibu kwamba nyumbani sina la kufanya. Sikuwa najikaza kiume. Anayejikaza ana kitu ndani anachokizuia. Mimi nilijipekua nikakuta patupu.

Kiwanda chetu kiko Hamamatsu, mji ambao nusu ya watu wanatengeneza pikipiki na nusu iliyobaki wanatengeneza vinanda, na upepo wa kipupwe unawachapa wote sawasawa. Miaka mingi tulitengeneza piano za mbao. Sasa tulikuwa tunaandaa kinanda cha kidijitali, kisicho na nyuzi wala nyundo. Ndani mlikuwa na namba tu. Ukitaka filimbi, unazipanga namba, unazipangua, mpaka kile kisanduku kilie kama filimbi. Kazi ya kupanga na kupangua ilikuwa yangu. Sauti ikishakubaliwa inafungiwa ndani ya kinanda hapo hapo kiwandani, na kila atakayekinunua, awe Osaka awe ng'ambo, anaikuta humo inamsubiri.

"Suganuma," aliniambia Okudaira, mwenzangu wa meza ya jirani, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo, "hii tarumbeta yako ina mafua."

"Ipe dawa."

"Dawa gani, kaka? Hii ni ya kuzika tu." Kisha akakumbuka. Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nisamehe, bwana. Mdomo huu utaniua."

"Ni mbovu kweli," nikasema, nikaifuta.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe, Tomie, aliyekuja kutoka Kakegawa siku ya msiba akabaki kutupikia, mimi na binti yangu Chizuru, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Tomie alilia. Alilia akikosha mchele, alilia akianika nguo, alimlilia mwanawe bila aibu na bila ratiba, kisha akajipangusa na kuuliza nani kaacha soksi ukumbini. Nilimwonea wivu. Jioni alikuwa anakaa na Chizuru mbele ya kabati la marehemu, penye picha ya Setsuko, bakuli la wali na ubani, na wote wawili wakiinuka nyuso zao zimelowa. Nikasema moyoni, haya, wawili wanaweza. Mimi ndiye mbovu.

Kwenye kabati hilo kuna kengele, kibakuli cha shaba kinachokaa kwenye mto mdogo. Unakigonga kwa kijiti, unakutanisha viganja, unainama, unasubiri mpaka sauti iishe yenyewe. Jioni moja nilikigonga nikasahau kuinama. Nilikuwa nimesikia kwamba sauti ile si moja. Zilikuwa mbili, karibu sana, zinasuguana, na huo msuguano ndio unaofanya sauti itetemeke kabla ya kufifia. Nikagonga tena. Nikafanya hivyo jioni nyingi, nimefumba macho, nikizitafuta namba zake. Tomie alikuwa ananiona kutoka jikoni. Siku moja akaniwekea kikombe cha chai pembeni, akanigusa bega.

"Taratibu, mwanangu," akasema. "Yatatoka tu."

Alimaanisha machozi. Sikumkosoa, maana chai ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa nimekaribia kuipata ile sauti ya pili.

Kiwandani ilitoka. Nilibonyeza kitufe kimoja, na Okudaira akaacha meza yake akaja kukibonyeza mwenyewe. Makabe akaja, akapiga, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akakunja uso.

"Mkia wake, huu mlio unaofifia, ni mrefu mno. Mtu akipiga nyimbo za haraka, sauti zitapandana na kinanda kitakabwa. Ukate."

Nikaukata. Ilikuwa kazi ndogo, kushusha namba chache. Kisha nikaenda kwenye marimba.

Kile kinanda kiliuzwa kama njugu. Kabla ya mwaka wa pili kwisha kilikuwa kila mahali, na kengele yangu nayo. Ukienda kununua viatu, kengele. Ukisubiri kwa daktari wa meno, kengele. Tangazo la mchuzi wa pakiti lilianza nayo. Waimbaji wa ng'ambo waliokuwa wameachwa na wapenzi wao walikuwa hawawezi kufungua kinywa kabla haijalia. Okudaira alizunguka ofisini akijidai kana kwamba ameizaa yeye. Aliniuliza najisikiaje, nikamwambia vizuri, kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu.

Jumapili moja Tomie alikuwa jikoni anakata figili. Chizuru alikuwa mbele ya televisheni, mimi nasoma gazeti. Kengele ikalia. Tomie aliacha kisu, akafuta mikono kwenye aproni, akaja haraka akapiga magoti mbele ya kabati la marehemu.

"Nani amegonga?" akauliza. "Chizuru, ni wewe?"

"Hapana, Bibi."

Ikalia tena. Safari hii zikafuata ngoma, na kwenye televisheni akatokea msichana mwenye sketi ya kuvimba, anaimba juu ya kiangazi na mvulana mwenye ubao wa kuteleza kwenye mawimbi. Tomie akaitazama televisheni. Akalitazama kabati. Kisha akageuka kunitazama mimi, bado amepiga magoti.

"Mikio," akaniita kwa jina langu la kwanza, "hiyo ni kengele yetu."

"Ni kinanda, Mama. Ni namba tu."

"Usiniletee namba! Kibakuli hicho nimekinunua mwenyewe. Nakijua kinavyolia kama nilivyokijua kikohozi cha mwanangu." Sauti yake ikaanza kupanda. "Zile jioni zote ulizokaa hapa. Nikakuletea chai. Nikasema, afadhali, mkwe wangu naye ni mtu. Kumbe ulikuwa kazini!"

Mwenye akili angedanganya. "Nilikuwa kazini," nikasema.

"Umemlilia mke wako hata mara moja?"

"Bado."

"Bado! Kana kwamba unasubiri basi. Na wakati huohuo kengele yake inachezewa na vibinti vinavyokata viuno." Akainuka, goti likamuuma, nikanyoosha mkono, akaukwepa. "Likizo ya kiangazi ikiisha namchukua Chizuru Kakegawa. Shule zipo na mimi nipo. Mtoto halelewi ndani ya friji."

Nilimtazama Chizuru. Chizuru alikuwa anatazama soksi zake.

Hapo ndipo nilipaswa kuumia. Nilijua kwa akili kwamba mtoto akiondoka nyumba imekwisha, na mimi pamoja nayo. Nililijua hilo kama mtu asiyewahi kuungua anavyojua kwamba moto unaunguza, yaani kwa kuambiwa. Nilitaka abaki. Katika kila kitu changu hilo ndilo pekee nililokuwa na hakika nalo, na sikuwa na chozi hata moja la kulitolea ushahidi. Nikakunja gazeti.

Wiki zilizofuata Tomie hakusema nami ila kwa kupitia mtoto. "Mwambie baba yako supu ipo jikoni." "Mwambie baba yako shati lake lina doa." Mimi nipo hapo hapo, umbali wa mkono. Chizuru alikuwa anapeleka ujumbe bila kubadili uso, kama karani wa posta.

Likizo ilipokuwa ukingoni, Chizuru alisema anataka kwenda sinema. Kulikuwa na filamu ambayo shule nzima ilikuwa inaizungumzia.

"Twende sote," akasema. "Sitaki kwenda na mmoja."

Filamu yenyewe ilikuwa ya mwanamke wa kaskazini, kwenye theluji, anayemsubiri mumewe aliyekwenda kuchimba makaa ya mawe. Anasubiri, anakohoa, anasubiri. Hata mtoto mchanga angejua kikohozi kile kinaelekea wapi. Treni ya mume inaingia stesheni, mwanamke anafumba macho, vinubi na fidla vyote vinanyamaza, na katika ule ukimya ikaingia kengele yangu.

Ukumbi mzima ukaanza kulia. Si kulia kwa siri. Watu walipenga kamasi. Mzee wa mbele yangu mabega yalikuwa yanamtikisika. Kushoto kwangu Tomie alikuwa amezama kwenye leso, kulia kwangu Chizuru ameinama na kiganja usoni. Nami nimekaa katikati, nasikia kwamba mtunzi wa muziki hakugusa hata namba moja. Ameitumia ilivyotoka kiwandani, na pengo la ule mkia nilioukata amelifunika kwa mwangwi mwingi. Nilijaribu. Nilimfikiria Setsuko kwa makusudi, mikono yake, jinsi alivyokuwa anafunga kamba za viatu akiwa amesimama mguu mmoja. Nilimwona vizuri kabisa. Hakuna kilichosogea.

Tulipotoka tuliingia kwenye kijiduka cha gyoza, visambusa vya nyama vya kukaanga, nyuma ya stesheni. Sahani ikaja, gyoza zimepangwa duara, machipukizi ya soya katikati. Tomie macho yake yalikuwa mekundu, na ile filamu ilikuwa imemlainisha.

"Leo umelia vizuri," akamwambia Chizuru, akimwekea gyoza. "Bibi amekuona. Huko Kakegawa tutalia pamoja mpaka yaishe."

Chizuru hakula. Akanigeukia.

"Baba, ile kengele ilipolia, watu wote wakalia. Wewe ulihisi nini?"

"Atahisi nini huyo," akasema Tomie.

"Sikuhisi kitu," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti, na lilitoka kirahisi kama kuagiza soda. "Tangu mama yako afe sijahisi kitu. Siku ya mazishi nilihesabu viatu mlangoni. Nilidhani kitakuja chenyewe, nikangoja, hakijaja. Sijui kama kitakuja. Ninachojua ni kwamba nataka ubaki na mimi. Siwezi kulilia hilo, lakini nalitaka."

Chizuru aliweka vijiti chini.

"Mimi pia," akasema.

"Wewe pia nini?" Tomie akauliza.

"Mimi pia sihisi kitu. Sijalia, Bibi. Hata leo."

"Mtoto wewe! Si nimekuona kwa macho yangu, uso umelowa?"

Chizuru alilamba ncha ya kidole, akakipitisha chini ya jicho moja, kisha la pili, kwa wepesi wa mwanamke anayejipaka poda aliyoizoea. Uso ukalowa.

"Ni mate," akasema. "Ulisema nikilia nitapona. Na nisipolia ulikuwa unanitazama kama unavyomtazama Baba."

Mpishi alifunika kikaango, mafuta yakachachamaa chini ya kifuniko. Tomie alikuwa anautazama ule uso uliolowa, na nilijiandaa kwa ghadhabu, maana ghadhabu yake ninaijua njia zake zote.

"Kila jioni?" akauliza.

"Kila jioni, Bibi."

"Kwa hiyo muda wote huu," akasema polepole, "nimekuwa nalia peke yangu."

Nilikuwa nimemwona akilia mara nyingi mno hata nikamwona amejaliwa, kama watu wenye meno mazuri. Haikunipitia akilini kwamba yule mama, kila alipoinua uso kutoka kwenye leso, alikuwa anatazama kulia na kushoto kuona nani yuko naye. Na aliyekuwepo alikuwa mtoto mwenye mate kidoleni na mwanamume anayetafuta namba.

"Mama," nikasema, "usiende Kakegawa. Si wewe wala Chizuru. Sisi wawili hatuwezi. Kaa, utulilie."

Kidevu chake kilikuwa kimeanza kucheza.

"Nipike, nifue, na kulia nilie mimi," akasema. "Na nyinyi mtakuwa mnafanya nini?"

"Tutakaa karibu yako," akasema Chizuru.

Tomie akafungua mkoba kutafuta leso, hakuiona, akachukua kitambaa cha meza. Akaanza kulia hapo hapo, kwa sauti, mbele ya mpishi na wateja, akimwita Setsuko kwa jina, na sisi tukasogeza viti.