Tarakimu Nyuma ya Fremu

Kwa miaka mitatu mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa nyumba yetu. Programu ya michezo ya zamani, niliyoiunganisha mwenyewe na tivii ya chogo ya baba, ile yenye mgongo mnene, ilionyesha alama zangu 98,400 na za dada yangu mkubwa 12,700. Jina lake lilikaa juu ya langu kwenye orodha, lakini nilimwambia mashine ina adabu, inatanguliza wanawake.

Leo mchana akalalamika. "Mdogo wangu, picha inakatwa pembeni. Au fundi umeshindwa?"

Mimi nishindwe? Nikafungua mipangilio, nikapunguza upana wa picha asilimia moja moja. Kingo zikaanza kujitokeza kutoka nyuma ya fremu. Mbele ya alama za dada ikachomoza moja.

112,700.

Dada akapanda juu ya kochi. "Mama! Njoo umwone bingwa wako!"

"Ngoja kwanza!" nikasema. Nikaisogeza picha kulia, nikaisogeza tena, nikitafuta tarakimu mbele ya 98,400. Palikuwa na weusi mtupu.

"Endelea kuchimba," dada akasema. "Utatokea kwa jirani."